Sukari ya Patroni Iliyokataa Kushuka

Ninyi mnaotoka chuoni sasa hivi na makoti meupe ambayo bado yana mikunjo ya pasi, kaeni kidogo niwasimulie. Nimestaafu. Magoti yangu hayataki tena kupanda vilima vya Kanzenze kufuata ng'ombe wa watu, lakini mdomo bado una nguvu, na kuna paka mmoja wa hapa Gisenyi ambaye mpaka leo sijamaliza kumshangaa.

Mimi nilizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, nikasomea udaktari wa mifugo hukohuko. Familia yetu iliporudi Rwanda, nikapangiwa kazi Rubavu. Wenyeji walikicheka Kiswahili changu tangu siku ya kwanza. Walisema naongea kama redio. Sikujali, kwa sababu ng'ombe hawakucheka, na kazi yangu ilikuwa ng'ombe. Ng'ombe, mbuzi, nguruwe, kuku kidogo. Paka hakuwa mgonjwa wa mtu yeyote. Watu walifuga paka kwa ajili ya panya. Akifa, anatafutwa mwingine kwa jirani, basi.

Mambo yamebadilika. Mji umekua, watu wamejenga, wanafuga mbwa wa kitanda na paka wenye majina. Nilipofungua chumba changu kidogo cha tiba mjini, karibu na njia ya kwenda bariyeri ndogo, kivuko cha miguu cha kuingia Goma, mgonjwa wa kwanza kuingia alikuwa sungura. Nikajua dunia imegeuka.

Patroni aliletwa ndani ya beseni la plastiki lililofunikwa kitenge. Aliyembeba ni Mama Asifiwe, mwanamke mnene, mchangamfu, anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Ananunua wabichi ufukweni, anawatia chumvi, anawakausha, kisha anavuka nao kwenda Goma asubuhi na kurudi mchana. Alifunua kitenge, nikaona dume kubwa la rangi ya majivu, tumbo limening'inia, mgongo umekonda.

"Mama Dokta," alisema, "huyu mutu anakunywa maji kama ng'ombe. Anakojoa nyumba yote. Na ona venye anatembea. Iko anatembea kama muzee."

Alimshusha sakafuni. Kweli, Patroni alitembea kwa kukanyagia visigino, nyayo za nyuma zimelala chini zote kama za sungura. Paka mzima hutembea kwa vidole. Mkiona paka anayeshusha visigino hivyo, na anakunywa maji bila kuchoka, msitafute mbali. Pimeni sukari.

Nilipima. Kipimo hakikutoa hata namba. Kilionyesha tu kwamba sukari imepita uwezo wake.

"Ana ugonjwa wa sukari," nikamwambia.

Mama Asifiwe alinitazama, kisha akaangua kicheko. "Yebaba we! Paka? Alikunywa Fanta wapi?"

Akacheka peke yake, akaona sicheki. Akamrudisha paka kifuani. Hapo ndipo aliponieleza Patroni ni nani. Alikuwa wa dada yake, Riziki, aliyekuwa akiishi Goma. Mlima ulipotema moto na watu wakavuka mpaka kwa miguu, Riziki alifika mlangoni kwake bila godoro, bila sufuria, amembeba paka tu ndani ya kapu. Baadaye Riziki aliugua akafa, mlemle nyumbani kwa mdogo wake. Paka akabaki.

"Mi sina kitu ingine yake," alisema. "Hata picha zote zilibaki kule. Donc, wewe fanya vyenye unaweza."

Nikafanya. Nilimfundisha kuchoma insulini, ileile wanayotumia watu, kwa kipimo kidogo sana. Sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu wengi hukosea kabla hata sindano haijamgusa mnyama. Chupa ya insulini haitikiswi kama chupa ya dawa ya minyoo. Unaibiringisha taratibu kati ya viganja. Haigandishwi. Ikiganda hata mara moja, itupeni, hata kama inaonekana nzima. Bomba la sindano liwe la insulini hiyohiyo, maana alama za bomba moja si za jingine. Na ngozi iinuliwe kama hema, sindano iingie chini yake. Nimewahi kuona mtu akimwagilia manyoya asubuhi na jioni kwa bidii kubwa, paka amelowa, sukari iko palepale.

Mama Asifiwe alijifunza upesi. Alikuwa na mkono mwepesi kuliko wanafunzi wengi niliowahi kuwafundisha. Alimnyima Patroni ugali na wali, akampa samaki wa kuchemsha bila chumvi na vipande vya nyama. Kila alipomleta nilipima. Sukari ilikuwa juu. Nikaongeza dozi kidogo. Juu. Nikabadilisha chupa, pengine ile ya kwanza ilipigwa jua njiani. Juu. Nikamfungua mdomo, kwa sababu jino bovu au ufizi uliooza unaweza kuizuia insulini isifanye kazi. Meno yalikuwa mazuri kwa umri wake. Nikapima mkojo kutafuta maambukizi. Hakuna. Nikaongeza dozi tena, mpaka nikafika mahali ambapo mkono wangu mwenyewe uliogopa.

Mama Asifiwe hakunilaumu hata mara moja. Aliingia, akaweka beseni mezani, akauliza, "Bado?" Nami nikajibu, "Bado." Lakini nilimwona Patroni akizidi kukonda mgongo, na siku moja alipomshusha sakafuni, paka hakusimama kabisa. Alikaa tu, anatutazama.

Nilipokuwa kijana nilifanya kazi Kanzenze chini ya daktari mmoja, Mzee Kabera, mtu wa buti za mpira na maneno mengi. Kulikuwa na ng'ombe mmoja aliyekataa kunenepa. Tulimpa dawa za kila aina. Kabera akasema inatosha, akaenda nyumbani kwa mwenye ng'ombe, akaomba kigoda, akaketi uani. Hakufanya chochote. Aliongea habari za mvua na za bei ya viazi hadi mchana. Mimi nilikuwa naona aibu. Kisha ng'ombe akanyoosha shingo, akang'ata kipande cha mfuko wa nailoni uliozibia ua, akaanza kutafuna. Kabera akaniambia, "Umeona? Pale ofisini kwetu hakuna ua." Tulipompasua yule ng'ombe tumboni tulitoa nailoni tele.

Kwa hiyo nilimwambia Mama Asifiwe nitakuja kwake. Nilikuwa na sababu nyingine pia, ninyi itieni akilini: paka akiogopa, sukari hupanda yenyewe. Beseni, njia, pikipiki, harufu ya mbwa kwenye meza yangu, vyote hivyo vinaweza kupandisha kipimo. Paka apimwe nyumbani kwake, amelala, ndipo utajua ukweli.

Nyumba yake iko sekta ya Rubavu, si mbali na mpaka, ua mdogo wenye nyavu za kukaushia samaki. Nilifika asubuhi, akanipa chai. Patroni alikuwa amelala kwenye kipande cha blanketi juani. Nikalipasha sikio lake moto kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu ili damu ije, nikachoma ukingoni, tone likatoka. Hakutingishika. Kipimo kikasema kilekile: juu kupita kiasi. Basi haikuwa hofu.

Nikaomba kuona chupa. Ilikuwa kwenye friji, imefungwa kitambaa, mbali na barafu. Nikaona chakula. Chakula safi. Nikasema, "Sasa mchome mbele yangu."

Alipiga magoti, akaishika ngozi ya shingo ya Patroni kwa vidole viwili, akaiinua. Ngozi ikachanika.

Sijui niwaelezeje. Hakuvuta kwa nguvu. Ilichanika kama karatasi iliyolowa, damu kidogo sana, na paka wala hakulia. Mama Asifiwe alipiga yowe kwa niaba yake. "Mana yanjye! Nimemupasula! Dokta, nimemupasula!"

"Tulia. Si wewe," nikamwambia. Nilisafisha kidonda, nikakibana, nikafunga. Lakini ugonjwa wa sukari peke yake haumfanyi paka ngozi ya namna ile.

Yeye akaenda kunawa mikono bombani. Aliporudi akaketi kwenye mkeka, akachomoa kijibomba cha pomadi, dawa ya kupaka ngozi, kwenye pindo la kitenge chake, akaminya, akajipaka mikono yote miwili, taratibu, kila kidole. Alisema chumvi ya samaki imemla mikono miaka mingi, ilikuwa inapasuka na kuwasha hadi halali, mpaka mwanamke mmoja sokoni Goma alipomuuzia pomadi hiyo. Tangu hapo hawezi kukaa bila kuipaka.

Patroni aliinua kichwa. Akajikokota kwa visigino vyake vile, akapanda kwenye mapaja ya mama yule kwa shida, akaanza kumlamba mkono. Alilamba kiganja, akalamba katikati ya vidole, amefumba macho.

"Anapenda harufu ya sambaza," Mama Asifiwe alisema, akitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Hii njo salamu yetu. Toka Riziki alikufa, kila siku tuko tunafanya hivi. Nikitoka Goma, ananingojea mlangoni."

Mimi nilikuwa naitazama mikono yake. Ngozi ilikuwa nyembamba, inang'aa kama ganda la kitunguu, mishipa yote inaonekana, na palikuwa na michubuko ya zambarau ambayo yeye mwenyewe hakujua ilikotoka. Nikaitazama shingo ya paka. Nikarudisha macho mikononi. Ilikuwa ngozi moja. Mwanamke na paka, ngozi moja.

"Naomba hiyo pomadi," nikasema.

Maandishi yalikuwa ya Kifaransa, madogo sana, ikabidi nisogee kwenye mwanga. Kotizoni, ya zile kali kabisa, ambazo hupakwa kwa muda mfupi chini ya macho ya daktari.

Mnajua wenyewe kotizoni hufanya nini, mlifundishwa darasani. Lakini darasani ni maneno. Pale uani niliyaona yakitokea mbele yangu: inauamuru mwili umwage sukari kwenye damu, inauzuia usiisikilize insulini, na inaifanya ngozi kuwa nyembamba mpaka ichanike kwa vidole viwili. Kila sindano tuliyomchoma Patroni, ulimi wake mwenyewe ulikuwa unaibatilisha. Kiasi cha pomadi kilichobaki katikati ya vidole vya mtu, kitu ambacho ningekifuta kwa leso nisikikumbuke, kilikuwa kimeushinda ujuzi wangu wote.

Nilimweleza polepole. Alisikiliza bila kuuondoa mkono, paka bado analamba. Kisha akauvuta, akauficha chini ya kitenge.

"Donc mi njo nilikuwa ninamuua?"

"Ni pomadi, Mama Asifiwe. Hata aliyekuuzia pengine hakujua."

"Mi na yeye tulikuwa tunapendana tu," alisema.

Nilimwambia na yeye aende kwa daktari wa watu, mimi ni wa wanyama, lakini mikono ile haikunipendeza. Nikamwonya asiiache pomadi ghafla bila kuongozwa, kwa sababu ngozi iliyoizoea hulipuka. Aliitazama mikono yake, akaifikiria chumvi, nadhani, na asubuhi zote za kutia samaki chumvi zilizokuwa mbele yake. "Itauma," alisema. "Iume, basi."

Kwa Patroni pia sikutaka kukata ghafla. Mwili uliozoea kuletewa kotizoni kutoka nje husahau kujitengenezea yake, na ukiinyima siku moja unaweza kuzimia ukafa. Nikampa vidonge vidogo vya kotizoni ileile niliyokuwa naipiga vita, tukawa tunavipunguza kidogokidogo. Mama Asifiwe alishangaa kuona namlisha adui, nikamweleza tunamsindikiza mgeni mpaka mlangoni, hatumsukumi kwenye ngazi. Akakubali.

Kilichokuwa kigumu zaidi ni salamu. Alivaa glovu za kitambaa nyumbani, ndefu mpaka viwikoni. Patroni alizinusa, akazing'ata, akajaribu kuzivua kwa meno. Aliposhindwa, alikwenda kuketi akiuelekea ukuta, amempa mama yake mgongo. "Amenikasirikia kama bwana ya mutu," Mama Asifiwe aliniambia kwa simu, na nilisikia anacheka, kisha nikasikia hacheki tena.

Daktari wa watu alimkuta shinikizo la damu limepanda na sukari yake mwenyewe imeanza kupanda pia. Hakuwa na habari. Fikirini. Kama paka asingekojoa nyumba nzima, nani angeiona mikono ile?

Nilikuwa nimemwachia kipimo nyumbani na kumfundisha kuchoma ukingo wa sikio. Halafu ikaja asubuhi aliyonipigia akipiga kelele. Nilidhani kuna msiba. "Mama Dokta! Imeandika namba! Machine imeandika namba!" Kwa mara ya kwanza sukari ilikuwa imeshuka hadi mahali ambapo kipimo kingeweza kuihesabu. Bado ilikuwa juu, lakini ilikuwa namba. Nilisimama katikati ya chumba changu na simu sikioni, mteja ananitazama na jogoo wake mkononi, nikamwomba aisome tena. Nikapunguza dozi ya insulini. Ikashuka tena, nikapunguza tena. Nilimwonya: "Sasa hatari imehamia upande wa pili. Ukimwona amelegea au anayumba, usimchome sindano. Nipigie."

Hatukuwa na kasi ya kutosha. Mwili wa Patroni ulikimbia kutupita.

Siku hiyo nilikuwa Rugerero kwa mbuzi. Simu ikalia. "Dokta, Patroni anakufa. Anaanguka-anguka. Macho iko wazi lakini hanioni. Kichwa inajigeuza pembeni."

"Umemchoma?"

"Asubuhi, venye ulisema."

"Amekula?"

"Alikula, nyuma yake akatapika yote."

Ilikuwa sukari iliyotoweka. "Una asali?"

"Iko ya chai."

"Ipake kwenye ufizi wake. Kwa kidole. Usimwagie kooni, atapaliwa. Paka tu, sugua, paka tena. Toa glovu!"

Niliwaacha wale mbuzi nikachukua moto, teksi ya pikipiki. Dereva alikimbiza pikipiki barabara ile yote huku mimi nimeshika simu sikioni, nasikia pumzi yake tu na sauti yake akimwita, "Patroni, we, Patroni, rudi. Rudi, we." Sikusikia kingine. Nilijiandaa kumkuta amekufa. Nilikuwa hata nimeanza kuyapanga maneno.

Nilipoingia uani, Mama Asifiwe alikuwa chini, miguu imenyooshwa, paka mapajani. Mikono yake ilikuwa mitupu, myekundu, imepasuka kwa chumvi, imejaa asali. Na Patroni alikuwa ameinua kichwa. Alikuwa akilamba vidole vyake, kimoja kimoja, kama mtu anayemaliza sahani.

Nilipiga magoti nikapima. Sukari ilikuwa inapanda kurudi mahali pake.

Nieleweni hapa, vijana. Siku ile paka hakuwa anakufa kwa ugonjwa. Alikuwa ameanza kupona kuliko sisi tulivyothubutu kutarajia, na dawa iliyokuwa haimtoshi ikawa nyingi mno. Nilikata insulini yote. Nikamwambia Mama Asifiwe tutapima tu. Tukapima asubuhi na jioni, mimi nikisubiri ipande, kwa sababu nilisoma kwamba ikishapita kiasi kile huwa inarudi. Haikupanda. Vidonge vya kotizoni vikaisha, haikupanda. Manyoya yakaota tumboni. Ngozi ikashika. Baada ya muda mrefu nyayo zake za nyuma zikaanza kuinuka, mpaka siku moja Mama Asifiwe akamkuta juu ya tangi la maji, mahali ambapo hapapandiki bila kuruka.

Nimewakata ng'ombe na mbuzi wengi, nimewapasua na paka waliokufa. Kongosho, kiungo kinachoutengenezea mwili insulini yake, nimelishika mkononi mara nyingi. Ni kinyama kidogo, laini, cha rangi isiyopendeza, kimejificha nyuma ya tumbo. Usipofundishwa ungekitupa pamoja na mafuta. La Patroni lilikuwa limezidiwa mpaka nikadhani limekufa. Kumbe lilikuwa limechoka tu, nalo lilipoondolewa mzigo lilianza kufanya kazi polepole, gizani mle ndani, bila kumwambia mtu.

Mara ya mwisho nilikwenda pale si kama daktari. Nilikwenda kunywa chai. Mikono ya Mama Asifiwe ilikuwa imepata ngozi mpya. Siku hizi binti yake, Asifiwe, ndiye anayetia samaki chumvi, yeye anauza tu. Shinikizo lake limetulia. Patroni alimlamba alivyotaka, kisha akaja kwangu, akazunguka, akalala mapajani.

"Nani alimuponesha?" Mama Asifiwe aliniuliza. "Wewe, ao Mungu, ao asali?"

Jibu la kitabibu ninalo, naweza kuwachoreeni hata ubaoni. Lakini badala yake niliweka kiganja changu ubavuni mwa paka, chini ya mbavu, mahali ambapo kongosho linakaa. Palikuwa na joto, panapanda na kushuka. Nikauacha mkono pale mpaka chai yetu ikapoa.